Bibi wa Posta Anajibu: Usiiloweke Stempu ya Babu

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache zile kadi za picha ambazo stempu hubandikwa mbele, juu ya picha yenyewe, na muhuri ukagongwa hapo hapo. Sikutegemea barua zingekuwa nyingi kiasi hiki, tena karibu zote za huku kwetu, Kigoma na Tabora. Basi maswali ya vifurushi na funguo za masanduku yatasubiri mwezi ujao. Leo ni kadi tu.

Shikamoo Bibi. Babu yetu alifariki mwaka jana hapa Ujiji. Katika sanduku lake la bati tumekuta kadi yenye picha ya mnara wa Livingstone. Nyuma haina anwani wala neno lolote. Stempu imebandikwa mbele, kwenye mbingu ya picha, na muhuri umegongwa juu yake. Stempu ni ya shilingi 5, ina majina ya Uganda, Kenya na Tanzania, na watu wawili wanakutana. Rafiki yangu anasema babu alikosea upande, niiloweke kadi majini stempu ibanduke, niiuze peke yake. Nifanyeje? (Mjukuu, Ujiji)

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kama bakuli la maji liko mezani, liondoe kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Babu yako hakukosea. Alijua anachofanya, na natamani ningemfahamu. Stempu hiyo ilitolewa mwaka 1971, siku ambazo posta ya nchi zetu tatu ilikuwa moja, kuadhimisha miaka 100 tangu Stanley alipomkuta Livingstone hapo hapo mnapoishi, mwaka 1871. Ndiyo maana ina majina matatu: uliinunua Kigoma, ukaweza kuitumia ukiwa Kampala au Kisumu. Mzee akatafuta kadi ya mahali lilipotokea tukio, akaibandika stempu ya tukio lile juu ya picha, akaipeleka posta ikagongwe. Kisha hakuituma. Aliiweka.

Wakusanyaji wa Ulaya wanayo mashindano ya kadi za namna hii, na mchezo huo wameupa jina: maksimafili. Kadi yenyewe wanaiita kadi ya maksimamu, kwa maana kwamba picha, stempu na muhuri vinapatana kwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Mimi kwa Kiswahili nina M zangu tatu: mada, mahali, muda. Picha ya kadi na picha ya stempu ziseme jambo moja. Muhuri utoke mahali panapohusika na jambo hilo. Tarehe iwe karibu na siku stempu ilipotoka, au iwe siku yenye uzito kwa jambo lenyewe.

Ipime sasa kadi ya babu. Umeniandikia katika mstari wa mwisho wa barua, ambao sikuuchapa hapo juu, kwamba kwenye muhuri unasoma GOMA na 71, mengine yamefifia. Muda basi ameupata: ni mwaka ule ule. Mahali amepapata pia, ingawa muhuri wa Ujiji wenyewe ungependeza zaidi kuliko wa Kigoma. Penye udhaifu ni mada. Stempu inaonyesha watu, kadi inaonyesha mnara. Mwamuzi mkali angetaka kadi yenye ule mchoro wa zamani wa wawili hao wakivuliana kofia. Lakini niambie, mtu wa Ujiji mwaka 1971 angeupata wapi? Alichukua kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni pale pale mahali penyewe, penye miembe inayosemwa kuwa imetokana na ule wa kale. Mimi nisingemnyima alama.

Ukiiloweka, hiki ndicho kitakachotokea: muhuri una sehemu mbili, nusu iko juu ya stempu na nusu iko juu ya kadi. Stempu ikibanduka utakuwa na nusu mkononi na nusu kwenye karatasi iliyovimba, na hakuna gundi ya kuziunganisha tena. Stempu ya 1971 iliyokwisha kutumika utaipata kwa wengine. Kadi iliyogongwa Kigoma mwaka ule, iliyopita mikononi mwa babu yako, hutaipata tena popote.

Nakuomba jambo moja zaidi. Muulize bibi yako, au wajomba, babu alijifunza haya kwa nani na zilikuwapo kadi ngapi. Andika majibu kwenye karatasi ya pembeni, usiandike nyuma ya kadi, hasa kwa kalamu ya wino. Mtu aliyefanya moja kwa ufundi huo hakuishia hiyo moja.

Habari za kazi, Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tabora. Nina stempu ya Mwalimu Nyerere na kadi zenye picha yake. Nilipokuwa safarini likizo niliingia ofisi moja ya posta, kijana wa dirishani akasema stempu haibandikwi mbele, akanirudishia. Nilipobembeleza akagonga, wino ukatambaa usoni mwa Mwalimu. Nimebakiwa na stempu mbili na kadi mbili. Nizigonge wapi? Lazima nifike Butiama? (Mwalimu wa Darasa la Nne, Tabora)

Nzuri, Mwalimu. Nianze na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake linanifurahisha: huna haja ya kusafiri. Tabora ina haki kamili kwa Nyerere. Alikuja kusoma hapo mwaka 1937, na alipotoka Makerere akarudi kufundisha St. Mary's. Zaidi ya hayo, ni hapo Tabora, Januari 1958, mkutano wa TANU ulipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ule ambao mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi chumbani walitaka kuususia. Muhuri wenye neno TABORA juu ya picha ya Nyerere unasema habari ambayo muhuri wa Dar es Salaam hauwezi kuisema. Tarehe chagua mwenyewe: 13 Aprili alizaliwa, 14 Oktoba alifariki, 9 Desemba ni Uhuru. Ila uhakikishe ofisi inafungua siku hiyo, maana mbili kati ya hizo ni sikukuu, na muhuri wa sikukuu haupatikani. Mimi ningechukua siku ya kazi ndani ya Januari, kwa heshima ya mkutano ule.

Angalia pia picha. Kama stempu inamwonyesha akiwa mzee mwenye mvi, tafuta kadi ya umri ule. Na kadi isiwe nakala ya stempu iliyokuzwa tu. Hiyo waamuzi wanaikataa, na wana haki, kwa sababu hapo hakuna ulichotafuta.

Sasa habari ya dirishani, ambayo naijua kuliko ninavyojua jiko langu. Nilikaa upande wa pili wa kioo miaka 31. Nilianza 1980, shirika likiwa bado la Posta na Simu pamoja, nikawepo zilipotengana 1994, nikastaafu 2011. Kila asubuhi kabla ya kufungua, kazi ya kwanza ilikuwa kubadili tarehe. Muhuri wa chuma una kichwa cha duara chenye jina la ofisi, na katikati pana nafasi ya tarakimu za chuma, ndogo kama punje za mchele. Unazitoa kwa kibano, unapanga za leo, zikiwa zimegeuka kama maandishi kwenye kioo, unakaza. Kisha unagonga mara moja kwenye karatasi chakavu na kusoma kwa sauti. Karani akiruka hatua hiyo, barua za mji mzima zitaondoka na tarehe ya jana.

Yule kijana aliyekurudishia kadi hakuwa na ubaya. Amefundishwa kwamba stempu hukaa upande wa anwani, kona ya juu kulia, na kwa barua zinazosafiri hiyo ndiyo kanuni. Mimi mwenyewe nilifanya alivyofanya. Mwaka 1984 alisimama mbele yangu padri mmoja mzee, Mbelgiji, na kadi ya twiga. Kwenye kona ya picha alikuwa amebandika stempu ya twiga ya ule mfululizo wa wanyama wa 1980. Nikamwambia, Padri, umekosea upande, nikaisukuma ikarudi kwake. Hakukasirika. Alisubiri foleni iishe, akarudi, akaniwekea kadi mbili juu ya kaunta na kunieleza taratibu, kwa Kiswahili cha Kasulu, kwamba hataki ziende popote. Anataka tu Kigoma iseme kwamba stempu hii ilikuwa hai hapa, siku hii. Nikamwuliza mkuu wangu, akakubali. Padri mwenyewe alikiri kwamba mahali pamelegea, kwa sababu twiga hawatembei barabara ya Lumumba. Ila ni mnyama wa taifa, akasema, kwa hiyo mji wowote wa Tanzania una fungu lake. Kadi ya pili aliniachia. Ninayo mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa kuulizwa maswali haya.

Basi fanya hivi. Nenda saa nne au saa tano, foleni ikiwa imepungua, usiende mlango unapofunguliwa wala dakika ya kufunga. Msalimie karani, mwambie: "Hii haisafiri, naomba unigongee kisha unirudishie mkononi." Sentensi hiyo inaondoa nusu ya ubishi. Stempu iwe mpya, halali, na iwe moja tu. Stempu mbili kwenye kadi moja zinaharibu. Mwombe afute kichwa cha muhuri kwa kitambaa, agonge kwanza kwenye karatasi chakavu, ili wino uliozidi uishie huko. Chini ya kadi pawe na kitu laini kidogo, mkeka wa mpira au gazeti lililokunjwa mara mbili, maana juu ya mbao ngumu duara hutoka nusu. Muhuri ushuke wima, ukandamizwe, uinuke wima. Asiuzungushe. Duara liguse stempu na kadi kwa pamoja, jina la mji na tarehe zisomeke, na uso wa mtu uachwe. Mwonyeshe kwa kidole mahali hasa unapotaka. Makarani wanapenda kuonyeshwa kuliko kulaumiwa baadaye.

Tatizo la kutambaa linatokana na kadi, si mkono wa kijana. Kadi zinazong'aa hazinywi wino. Unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Chagua kadi isiyong'aa kila inapowezekana. Kama huna nyingine, ilaze pale pale kwenye kaunta ya pembeni nusu saa, usiipulizie mdomo, usiipanguse, usiifungie ndani ya daftari. Usirudie kugonga pembeni kusahihisha. Duara la pili halirekebishi la kwanza, linaonyesha tu kwamba la kwanza lilishindwa.

Ile iliyoharibika iweke uwafundishie wanafunzi wako.

Bibi, mimi ni kijana wa Kibirizi. Nina kadi nzuri ya MV Liemba niliyopewa na mgeni, na nina stempu ya zamani ya meli, ya mwaka 1969, imeandikwa MV Victoria, bado haijatumika. Nikiziunganisha na kugonga muhuri wa Kigoma si nitakuwa nimepata vyote vitatu, picha, stempu na muhuri? Meli ni meli. (Kijana wa Mwaloni)

Mjukuu wangu, nakupenda kwa kuuliza kabla ya kulamba gundi. Meli si meli. Hebu mwulize mzee yeyote wa mwaloni kwenu kama mtumbwi wa jirani ni sawa na wake.

MV Victoria ni ya Ziwa Victoria, ya watu wa Mwanza na Bukoba. Ilianza kazi 1961. Haijawahi kuliona ziwa letu. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari ndani ya masanduku, ikapanda reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, reli iliyokuwa imefika hapa mwaka 1914 tu. Ikaunganishwa upya hapa hapa na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokuwa wanaondoka wakaizamisha wenyewe, mitambo wakiwa wameipaka grisi isiharibike. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba. Meli yenye maisha ya namna hiyo ukaibandikie sura ya nyingine? Hapana.

Halafu kuna muda. Stempu ya 1969 ni ya posta ya pamoja ya Afrika Mashariki, ambayo haipo tena. Haiwezi kulipia barua leo, kwa hiyo karani hapaswi kuigonga, na akiigonga kwa huruma muhuri huo hauna maana yoyote. Stempu hiyo kaa nayo ikiwa safi hivyo hivyo. Ukikutana siku moja na kadi ya zamani ya MV Victoria iliyogongwa Mwanza mwaka 1969, hapo utajua umeona kitu.

Kadi ya Liemba nayo usiione imekosa bahati. Kanuni nzuri ya mchezo huu ni kwamba kadi iitangulie stempu. Kadi iliyochapishwa kwa makusudi baada ya stempu kutoka ina harufu ya duka. Kadi iliyokuwepo tangu zamani, ikasubiri, ndiyo yenye heshima. Wewe tayari una kadi, una mji wenye bandari yake. Kila mara posta wanapotangaza stempu mpya nenda uangalie. Ikitoka yenye Liemba, uwe wa kwanza dirishani siku hiyo.

Wakati unasubiri, una njia rahisi zaidi karibu na kwenu. Boti za kuelekea Gombe zinapita mbele ya macho yenu. Tafuta stempu halali ya sokwe, kadi ya sokwe (angalia sana asiwe gorila, watengenezaji wa kadi huwachanganya), na muhuri wa Kigoma. Kama unataka tarehe yenye uzito, 14 Julai ndiyo siku Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe, mwaka 1960. Hapo M zote tatu ziko nyumbani, na nauli yako ni ya daladala.

Kadi za picha hazipatikani mjini siku hizi. Naweza kupiga picha kwa simu ya stesheni ya Kigoma nikaichapisha studio? (Msomaji, Gungu)

Kwa kujifunza, chapisha. Kwa mashindano ya kimataifa hawakubali kadi uliyojichapia nyumbani kwa kompyuta wala picha iliyokatwa na kubandikwa. Wanataka kadi iliyouzwa kwa watu wote. Ukubwa wa kawaida ni milimita 105 kwa 148, na angalau asilimia 75 ya upande wa mbele iwe picha. Picha moja, zisiwe nne nne kama kalenda.

Lakini umegusa jambo linaloniuma. Zamani kila duka la vitabu hapa lilikuwa na kile kibanda cha waya cha kuzungusha, kimejaa kadi. Sasa nikitaka kadi ya Kigoma naomba wageni wanaotoka hotelini. Mji wenye stesheni ile, ziwa lile, mnara wa Ujiji na sokwe wa Gombe unakosa kadi kumi za kuuza! Mwenye mashine ya uchapishaji akisoma hapa, achape hata mia mbili, kwenye karatasi isiyong'aa. Mimi nitanunua za kwanza.

Hizi kadi za maksimamu zinauzwa bei gani? (Mfanyabiashara, Tabora)

Nyingi haziuziki kwa bei ya maana. Fanya kazi nyingine kwa ajili ya pesa.

Bibi shikamoo. Nina miaka 12. Nina kadi tatu tayari. Mama anataka zipitishwe kwenye plastiki ya moto kama kitambulisho ili zisichafuke. Niache? (Mtoto wa Mwanga, Kigoma)

Marahaba mjukuu wangu. Mwambie mama, kwa adabu, asifanye hivyo. Plastiki ya moto ikishagandamana na kadi haitoki, na joto lake linaweza kubadili wino. Solotepu nayo hapana, baada ya miaka inaacha michirizi ya rangi ya chai.

Chukua bahasha safi za karatasi, kila kadi na yake, uziweke zimesimama ndani ya boksi la viatu. Boksi likae juu ya kabati, mbali na ukuta unaopitisha unyevu na mbali na dirisha la jua. Msimu wa mvua, huku ziwani hewa ina maji mengi, kwa hiyo mara moja kwa wiki zitoe mchana usio na mvua, uzitandaze mezani dakika chache, uzirudishe. Mikono uioshe kwanza na kuikausha, hasa kama umekula dagaa. Angalia mchwa kwenye pembe za boksi. Na nyuma ya kila bahasha, kwa penseli, andika siku uliyokwenda posta na nani alikusindikiza.